Mizani ya Dawa

Katika kisanduku cha bati nilichorithi kwa marehemu mama yangu, Mungu amrehemu, mna vitu vichache: tasbihi, picha mbili zilizofifia, kipande cha udi kilichokwisha harufu, na karatasi nyembamba iliyokunjwa mara nane. Karatasi hiyo imejaa herufi ndogo mno, za kusomwa kwa miwani na subira. Ilikuwamo ndani ya pakiti ya dawa niliyomnunulia mwaka 2011. Aliihifadhi mwenyewe, wala hakuniambia sababu. Sikumuuliza, kwani nilikuwa naijua.

Kazi yangu maishani imekuwa maneno. Skuli niliiacha kidato cha pili. Kiingereza nilijifunza kwa kamusi kuukuu na kwa magazeti yaliyofungiwa bidhaa dukani. Ushairi nilijifunza barazani, kwa kuwasikiliza wakubwa wakijibizana. Mtu aliyejifundisha peke yake huwa na kiburi chake, na changu kilikuwa hiki: kwamba hapana karatasi ya Kiingereza inayoweza kuingia nyumbani kwetu nikashindwa kuisoma. Mtaani watu waliniletea barua za mahakama, vyeti na maelekezo ya mashine za kushonea. Niliwasomea wote.

Mama alikuwa akitumia aspirini ndogo, miligramu 75 kila siku, aliyoandikiwa kwa ajili ya moyo. Mwaka huo magoti yalianza kumsumbua. "Mwanangu," aliniambia, "magoti haya hayanipi usingizi." Nikaenda duka la dawa, nikaeleza tatizo, nikapewa diklofenaki za miligramu 50: moja asubuhi, moja jioni, baada ya chakula. Hakuna aliyeniuliza mgonjwa ana umri gani wala anatumia dawa gani nyingine, nami sikusema. Nilipofika nyumbani niliikunjua ile karatasi. Mistari ya juu ilisema ni dawa ya maumivu ya viungo na uvimbe. Nikaridhika, nikaikunja, nikairudisha pakitini.

Siku ya tatu mama alisujudu bila ya kushika kiti. Nilifurahi kama niliyepokea zawadi. Wiki ya pili alianza kulalamika kizunguzungu, na kuinuka kukawa kazi. Jambo jingine alinificha kwa haya, akamwambia dada yangu: choo chake kilikuwa cheusi kama lami. Hatukujua kwamba hiyo ni damu iliyotoka tumboni na kubadilika rangi njiani. Tulidhani ni chakula. Tulipomfikisha hospitali, midomo yake ilikuwa myeupe, akatiwa chupa mbili za damu.

Daktari alikuwa kijana, mpole. Aliuliza, "Nani aliyempa dawa hizi?" Nikasema, "Mimi." Akauliza, "Karatasi ya maelezo uliisoma?" Nikasema, "Nimeisoma." Usiku ule, chini ya taa ya ukumbi wa hospitali, niliikunjua tena na kuisoma hadi mwisho. Yote yalikuwamo: asitumie mwenye vidonda vya tumbo, ajihadhari mzee, ajihadhari anayetumia aspirini. Mimi, mfasiri, nilisoma beti mbili za mwanzo nikadhani nimelimaliza shairi.

Kesho yake yule daktari alinieleza jambo ambalo tangu hapo halijanitoka akilini. Mwilini, alisema, mna kemikali ziitwazo prostaglandini. Penye jeraha au uvimbe, kemikali hizi huzidisha maumivu na joto. Lakini tumboni kemikali za jamii hiyo hiyo hulinda utando wa ndani usichomwe na tindikali, na kwenye figo husaidia damu kupita vizuri. Diklofenaki huzuia mwili usizitengeneze. Haijui goti wala tumbo; hufika popote damu inapofika. Goti linapopoa, ulinzi wa tumbo nao hupungua.

Aspirini nayo hufanya kazi kwa njia hiyo, na ina jambo lake la ziada: hudhoofisha chembe ndogo za damu zinazosaidia damu kuganda, na kila chembe iliyoguswa hubaki hivyo hadi mwisho wa uhai wake, siku kama kumi hivi. Kwa mwenye moyo mgonjwa hiyo ni rehema, kwani damu ikiganda ndani ya mshipa huweza kumuua. Kwa mwenye kidonda tumboni mambo hugeuka, kwani kidonda kinataka damu igande na dawa inaizuia. Mama alikuwa watu hao wawili katika mwili mmoja.

Baadaye nilitafuta historia yake. Mwaka 1763 kasisi mmoja wa Uingereza, Edward Stone, aliiandikia Royal Society ya London kuhusu gome la mti wa mwilo, alilowapa wagonjwa wa homa. Mwaka 1897 Felix Hoffmann, mkemia wa kampuni ya Bayer ya Ujerumani, aliitengeneza aspirini, na mwaka 1899 ikaanza kuuzwa. Dunia nzima iliimeza kwa zaidi ya miaka sabini kabla ya John Vane kuonesha, mwaka 1971, kwamba kazi yake ni kuzuia prostaglandini. Mwaka 1982 alishirikiana na wanasayansi wawili wa Uswidi kupata Tuzo ya Nobel. Basi wanadamu waliijua faida kwa miaka mingi kabla hawajajua kwamba faida na hasara zake zina chanzo kimoja.

Hapo ndipo shida yangu ya mfasiri ilipoanza. Mama alipopona, yule muuza dawa wa mtaani, aliyesikia yaliyotupata na kusikitika kweli, aliniomba nimwandikie maelezo kwa Kiswahili, ayabandike ukutani. Nilikwama kwenye neno moja. Lile jambo ambalo dawa hulifanya pasipo wewe kulitaka, tuliiteje?

Wengi husema "madhara". Neno hili lina nguvu, lakini linatisha. Mtu akisoma madhara kumi chini ya faida moja, ataitupa dawa. Kliniki nyingine husema "maudhi madogo madogo", hasa zinapozungumza na kina mama juu ya uzazi wa mpango. Hili ni neno la upole, na kwa kichefuchefu cha siku mbili linafaa. Lakini chupa mbili za damu si maudhi madogo. Nikafikiria "athari". Kwa asili ya Kiarabu neno hili lina maana ya alama iliyobaki, kama wayo wa mpita njia kwenye mchanga wa pwani. Nililipenda, kwani halisemi jema wala baya. Linasema tu kwamba dawa imepita hapa. Muuza dawa hakulipenda. "Sheikh," aliniambia, "mteja wangu hataki wayo. Anataka kujua amwone daktari au asimwone."

Alikuwa na haki. Tukakubaliana tusitafute neno moja. Tuligawa karatasi sehemu tatu: yanayokuja na kuondoka yenyewe, yanayotaka umwambie aliyekupa dawa, na yanayotaka uende hospitali leo hii. Choo cheusi tulikiweka katika sehemu ya tatu, kwa herufi kubwa kuliko zote.

Kazi ile ilinifundisha kuangalia upya dawa nilizoishi nazo. Wa rika langu wanaikumbuka klorokwini, uchungu wake ulimini, kisha ule mwasho uliotambaa mwili mzima, viganja na nyayo, hata mtoto akajisugua ukutani usiku kucha. Wengi wetu tulivificha vidonge chini ya ulimi tukavitema uani. Wazee walituita wakaidi, na hakuna aliyetuambia mapema kwamba mwasho ni wa dawa, wala kwamba ungepita. Mwaka 2003 Zanzibar ilianza kutibu malaria kwa dawa mseto, kwa kuwa vijidudu vilikwisha kuizoea klorokwini. Mwasho ukaenda nayo, lakini fundisho lilibaki: asiyeambiwa huamua peke yake, na mara nyingi huamua vibaya.

Ipo parasetamoli, tunayoiita panadoli, inayokaa katika kila nyumba kama chumvi. Ni dawa njema, na tumbo hailikeri kama zile nyingine. Ini huibadilisha sehemu yake ndogo kuwa sumu, kisha huiua sumu hiyo kwa akiba yake yenyewe. Mtu mzima asizidishe vidonge vinane vya miligramu 500 kwa siku nzima, na wapo wanaopaswa kupunguza zaidi. Ikizidi sana, akiba ya ini huisha na sumu hubaki. La kutisha ni kwamba siku ya kwanza mtu anaweza kujiona mzima. Na wengi huzidisha bila ya kujua, kwa kumeza panadoli pamoja na dawa ya mafua ambayo ndani yake imo parasetamoli ile ile kwa jina jingine.

Jirani yetu mmoja alikohoa kikohozi kikavu kwa miezi mitano. Alikunywa tangawizi, asali, na kila dawa ya maji ya kikohozi iliyopatikana dukani. Kumbe alikuwa akitumia enalaprili kwa shinikizo la damu, na kikohozi cha namna hiyo ni athari yake inayojulikana. Daktari alipombadilishia dawa, kikohozi kikaisha baada ya wiki chache. Dawa za jamii hiyo, nilisoma baadaye, zilipatikana kwa kuchunguza sumu ya nyoka wa Brazil. Wahenga waliosema dawa ya moto ni moto wangetabasamu.

Wapenzi wa ushairi wataniwia radhi kwa kuwapitisha duka la dawa. Lakini sisi tuna neno ambalo daktari analo pia. Tunasema "mizani" tukikusudia silabi za mshororo, naye anasema "mizani" akikusudia chombo cha kupimia. Mshororo wenye mizani kumi na sita ukiutia moja zaidi, hata iwe ya neno zuri namna gani, hauimbiki. Wala kosa si la neno lile. Ni la mahali na kiasi. Nilijua hivyo tangu ujana, nikiwasahihisha wenzangu kwa ukali. Sikujua kwamba mwili wa mama yangu nao ulikuwa na mizani yake, na kwamba mimi niliutia kidonge kilichozidi.

Sikuandika haya ili mtu aziogope dawa zake. Mama alipopona, aspirini alirudishiwa na daktari, safari hii pamoja na dawa ya kupunguza tindikali tumboni, na akaishi nayo miaka sita. Angeiacha kwa hofu, huenda moyo ungemtangulia. Magoti alikandwa kwa maji moto, akafundishwa mazoezi akiwa ameketi kitini, na siku mbaya akameza panadoli kwa kiasi. Alisujudu kwa kushika kiti hadi mwisho wa uhai wake.

Siku moja, akiwa amekaa ukumbini, aliniomba nimsomee ile karatasi. Nikamsomea kwa Kiswahili, mstari kwa mstari, hadi chini kabisa. Ilichukua karibu nusu saa, kwa kuwa kila mara alinisimamisha kuuliza maana. Nilipomaliza alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Haya, sasa umenisomea." Akaichukua mkononi mwangu, akaikunja kwa mikunjo yake ya zamani, akaitia katika kisanduku chake cha bati.

Tangu hapo watu wa mtaani wakiniletea pakiti za dawa huwauliza kwanza wanatumia nini kingine, kisha huwasomea hadi mwisho. Penye jambo la daktari huwaambia waende kwa daktari. Wengine huchoka wakataka kuondoka katikati. Huwaomba wakae.