Sauti ya Kukwaruza

Ukipita Karatina siku ya soko, msomaji wangu, au ukishuka garini Nyeri jioni wakati mlima umekwisha kujifunika wingu, yamkini utasikia kutoka duka fulani sauti ya Kenny Rogers. Mtu huyo alizaliwa Houston, Texas, akafa mwaka 2020. Walakini wazee wa miji iliyouzunguka Mlima Kenya humtaja kama jirani. Yeye, Jim Reeves na Dolly Parton wamefanywa wenyeji bila kuulizwa habari za ukoo. Muziki wao, uitwao kantri, husifiwa kwa maneno yanayosikika na mambo yanayoeleweka: shamba, mama, kanisa, mapenzi yaliyovunjika.

Muziki mwingine wa Marekani haukupata ukaribisho huo. Ni roki iitwayo saikedelia, iliyovuma California tangu mwaka 1965 kwa makundi kama Grateful Dead na Jefferson Airplane, na ambayo Jimi Hendrix aliifikisha kileleni kwa gitaa lake. Mjomba wangu, mpenzi mkubwa wa Kenny Rogers, aliwahi kunikuta nikicheza santuri ya Hendrix. Alivumilia kwa adabu hata mwisho, kisha akauliza kama mashine yangu imeharibika.

Swali hilo lilikuwa na ukweli ndani yake. Mwaka 1961 ilitoka santuri ya mwimbaji wa kantri Marty Robbins, iliyorekodiwa Nashville. Katikati ya wimbo gitaa la besi la Grady Martin lilikwaruza kama msumeno, kwa kuwa sehemu moja ya mtambo wa kurekodia ilikuwa imeharibika. Fundi Glenn Snoddy hakuitupa sauti hiyo. Aliichunguza, akaunda kifaa cha kuitoa kwa makusudi, na mwaka 1962 kampuni ya Gibson ikaanza kukiuza. Kifaa hicho na vyenzake vilivyofuata, vya kukanyagwa kwa mguu wakati wa kupiga, ndivyo vilivyowapa vijana wa saikedelia ngurumo yao. Basi ukwaruzo uliomchukiza mjomba ulizaliwa nyumbani kwa kantri, katika mji uleule alimorekodi Jim Reeves.

Kuna jambo jingine ambalo sitakuficha. Neno lenyewe lilitungwa mwaka 1956 na daktari Mwingereza, Humphry Osmond, kwa maneno ya Kiyunani yenye maana ya kudhihirisha roho, naye alikuwa akizungumza juu ya dawa zinazobadili akili, LSD ikiwa mojawapo. Vijana wengi waliitumia. California iliipiga marufuku mwaka 1966. Hendrix alikufa tarehe 18 Septemba 1970, na Janis Joplin, mwimbaji aliyevuma San Francisco, akafuata siku 16 baadaye. Wote kwa dawa, wote wakiwa na umri wa miaka 27. Sioni sababu ya kuvipamba vifo hivyo kwa maneno matamu. Lakini vidole vya Hendrix havikufundishwa na dawa. Alipiga kwa mkono wa kushoto gitaa lililotengenezwa kwa ajili ya mkono wa kulia, akaligeuza juu chini, na ustadi wa namna hiyo ni kazi ya miaka.

Nilimrudia mjomba na santuri nyingine. "Mjomba," nikamwambia, "huyu ni mtu wako." Alikuwa Kenny Rogers, mwaka 1968, akiwa na kundi la First Edition, katika wimbo uitwao "Just Dropped In". Wimbo huo huanza kwa gitaa lililorekodiwa kisha likachezwa kinyumenyume, nao ulifika nafasi ya 5 huko Marekani. Mickey Newbury aliutunga uwe onyo juu ya LSD. Mjomba alinyamaza. Akataka achezewe mara ya pili. Ndipo akasema, "Huyu alikuwa bado kijana." Sikupata kwake hukumu nyingine, nami naistahi hiyo.

Kwa nini basi Nyeri ilichukua upande mmoja ikaacha wa pili? Gharama ya vyombo ni sehemu ya jibu. Saikedelia yataka watu wanne au watano na vipaza sauti vikubwa, hali mwimbaji wa mugithi aweza kusimama peke yake na gitaa. Mugithi ni gari la moshi katika lugha ya Wakikuyu. Wachezaji hushikana mabega wakafuatana kama mabehewa, na mwimbaji hutoka katika wimbo wa kwao akaingia wa kantri bila kituo. Lakini sababu kubwa, kwa maoni yangu, ni maneno. Joseph Kamaru, aliyezaliwa Kangema, Murang'a, mwaka 1939, alikuwa mtu wa kuonya, kukejeli na kuomboleza. Mbunge J. M. Kariuki alipouawa mwaka 1975, Kamaru alimwimbia. Siku hizo watu walisubiri neno, na gitaa lenye kulimeza neno lisingalivumiliwa.

Kamaru alikufa mwaka 2018. Mjukuu wake, aliyepewa jina lilelile na ajulikanaye kama KMRU, alizaliwa Nairobi mwaka 1997, naye hutengeneza sauti ndefu zisizo na maneno, akichanganya na sauti za mahali alizozirekodi mwenyewe. Albamu yake iitwayo Peel ilitoka mwaka 2020. Sisemi kuwa ni saikedelia. Ni ndugu yake wa mbali. Mwaka uliofuata kijana huyohuyo alishiriki kuzitoa upya nyimbo za babu yake za tangu mwaka 1966 hadi 2007, katika albamu iitwayo Heavy Combination. Zitafute zote mbili, msomaji, uanze na ya babu.