Kutoka Perth Hata London

Msomaji, ukimwuliza mtu London ni mbali kadiri gani kutoka Perth, atakujibu kwa kilometa au kwa saa? Nadhani kwa saa, wala simlaumu. Aliyefungwa mkanda kitini hahesabu kilometa.

Perth ni mji wa pwani ya magharibi ya Australia. Twaa tufe la shuleni, uvute uzi kutoka hapo mpaka London. Ramani ya ukutani usiitumie, itakudanganya. Uzi ule utapita juu ya Bahari ya Hindi, uingie Asia, kisha Ulaya, na urefu wake ni kilometa 14,500 hivi. Tarehe 24 Machi 2018 ndege ya Qantas, aina ya Boeing 787-9, iliondoka Perth, na kesho yake alfajiri ikatua London bila kugusa chini mahali popote. Hapo ndipo ilipoanza safari ya kawaida ya abiria ya moja kwa moja baina ya Australia na Ulaya.

Tufanye hesabu kidogo. Ndege hiyo huenda kilometa 900 hivi kwa saa. Gawanya, utapata saa 16 na dakika chache. Lakini safari huchukua saa 17 na zaidi. Saa hiyo moja imepotelea wapi? Ndege haiendi mbio hizo inapopanda wala inaposhuka, na njia yake hupindapinda. Lakini mwenye kesi hasa ni upepo. Huko juu pepo kali huvuma kutoka magharibi, nayo ndege yaenda magharibi, basi hupigwa usoni. Ikirudi Perth husukumwa kwa nyuma, na safari hupungua. Mwezi wa Agosti 2024, kwa ajili ya hatari ya vita Mashariki ya Kati, ndege zilizotoka Perth zilibadili njia, ikawa lazima kwa muda zitue Singapore kutia mafuta. Zile za kurudi ziliendelea kuja moja kwa moja, kwa msaada wa upepo ule ule.

Saa za ukutani nazo zina vituko. Tuseme ni majira ya baridi ya Ulaya, na abiria ameondoka Perth saa moja usiku, akakaa hewani saa 17. Perth sasa ni saa sita mchana, watu wanangojea chakula. London ni saa kumi alfajiri, giza tupu. Tumbo lake bado liko Perth.

Wazee walisafiri vingine. Desemba 1947 ndege ya Qantas ilitoka Sydney kwenda London na abiria 29, ikatua Darwin, Singapore, Calcutta, Karachi, Cairo na Tripoli. Siku nne! Na hao walikuwa wenye fedha. Waingereza wengi waliohamia Australia baada ya Vita Kuu ya Pili walilipa pauni 10 tu, wakakaa melini majuma kama manne. Aliyetaka kurudi kabla ya miaka miwili alidaiwa gharama ya safari yake. Wangapi walioshuka bandarini Fremantle, karibu na Perth, hawakumwona mama yao tena?

Siku hizi mtoto akipigiwa simu asubuhi kwamba mama ni mgonjwa, akipata nafasi hupanda ndege jioni, na kesho yake kabla ya jua kuchomoza yuko London, anauliza njia ya hospitali. Nauli, hiyo ni habari nyingine.