Pamba Ilinigusa, Nikahisi

Namshukuru Mwenyezi Mungu aliyenifikisha siku ya kuyasema haya bila kuficha mikono.

Nilikuwa nikikaanga vitumbua Chanika, hapa Handeni mjini. Doa la kwanza lilitokea kwenye kidole gumba, dogo kama punje ya mchele. Nikadhani nimeungua mafuta. Baada ya miezi michache vidole vyote vilikuwa vyeupe, midomo nayo ikafuata. Wateja wakaanza kuniwekea pesa mezani badala ya kunipa mkononi, kisha wakaacha kuja. Nikasikia wakinong'ona: ukoma. Wengine wakasema nimerogwa.

Jirani akaniletea mkorogo, eti nijipake mwili mzima rangi ilingane. Nikapaka. Uso ukawasha, ukachubuka, joto la jiko nikawa silivumilii tena. Baadaye ndipo nilipoelezwa kuwa baadhi ya michanganyiko hiyo ina zebaki, na zebaki huharibu figo.

Dada yangu anayeishi Manundu, Korogwe, akaja kunichukua. "Mdogo wangu, twende hospitali. Hata kama ni ukoma, si una dawa? Tena ya bure." Sikuwa na la kumjibu. Nikajitanda khanga, tukaondoka.

Daktari alisokota kipande cha pamba mpaka kikawa na ncha. "Mama, fumba macho. Kila nikikugusa, nioneshe mahali kwa kidole." Akagusa kiganja, akagusa vidole, akagusa mdomo. Nikaonesha kote, hata katikati ya weupe. Nilipofumbua macho, machozi yalikuwa yananitoka.

Akanieleza kwamba baka la ukoma kwa kawaida hupoteza hisia, na mabaka yangu yote yalikuwa na hisia. Nilichokuwa nacho ni mbalanga, ambao wataalamu huuita vitiligo. Rangi ya ngozi inatokana na melanini, inayotengenezwa na chembehai zilizomo ngozini. Kwa mwenye mbalanga, kinga ya mwili huzigeukia chembehai hizo na kuziua, na pale zilipokufa ngozi hubaki nyeupe. Hauambukizi kwa kushikana mikono wala kwa kula pamoja.

Dawa ya kupaka imenirudishia rangi kiasi usoni. Mikono imebaki myeupe, nami naikinga na jua kwa sababu huungua upesi. Nimerudi kwenye jiko langu. Mteja wa kwanza alikuwa bibi wa nyumba ya pili. Alichukua vitumbua vyake, akaniwekea sarafu kiganjani, watu wakiona.

Ndugu yangu, ukiona baka mwilini mwako au kwa mwanao, usijifiche na usikimbilie mkorogo. Nenda ukapimwe. Ikiwa ni mbalanga, utaishi nao bila kumdhuru mtu. Ikiwa ni ukoma, anza dawa mapema kabla haujaharibu mishipa ya fahamu. Ukoma unapona.