Tembo la Asubuhi, Kamba wa Mchana

Mgema alishuka mnazini kidato kwa kidato, kibuyu kikining'inia kiunoni.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Umekuja wakati wake."

Akanimiminia tembo, pombe ya mnazi, kwenye kifuu cha nazi. Mfaransa mmoja aliwahi kunifundisha kuonja mvinyo mwekundu wa Bordeaux: tazama rangi, nusa, kisha acha funda litulie ulimini kabla hujameza. Nikafanya vivyo hivyo. Rangi, weupe wa maji yaliyooshea mchele. Harufu, hamira na ndizi mbivu kwa mbali. Ulimini ukatangulia utamu, ukafuata mchomo mdogo kama wa soda.

Nilikuwa nimetoka Dar es Salaam siku moja kabla, nikapita Mkuranga, nikafika Bungu katika wilaya ya Kibiti, iliyomegwa kutoka Rufiji. Kutoka hapo mikorosho inakusindikiza mpaka Nyamisati, bandari ya vyombo vya Mafia. Kuanzia hapo bahari ndiyo yenye ratiba: maji yakijaa unaondoka, yakipwa unangoja. Mashua ikaingia katikati ya mikoko ya delta ya mto Rufiji, mikaka ikisimama juu ya mizizi yake na michu kando yake, korongo weupe wakiruka mbele yetu. Hakuna msitu wa mikoko ulioshikana mahali pamoja kwa ukubwa huu katika Afrika Mashariki nzima.

Mgema hapasui nazi wala hakati mti. Hufunga karara la mnazi kabla halijachanua, akaliinamisha, kisha asubuhi na jioni akalikata ncha kwa kotama, kipande chembamba kama ukucha. Utomvu hudondoka kibuyuni tone kwa tone. Karara lililogemwa halizai nazi, kwa hiyo kila kifuu cha tembo kina nazi zilizosamehewa ndani yake. Chachu ya hewani na ya kibuyuni huanza kazi papo hapo, ikigeuza sukari kuwa kileo.

Ndiyo maana tembo hubadilika kadiri jua linavyopanda, na chakula chake hubadilika nalo. Asubuhi, likiwa tamu, nililinywea muhogo wa kuchemsha wenye chumvi kidogo. Zamani, kabla ya hamira ya dukani, tembo ndilo lililoumua mikate ya mchele ya pwani. Mchana likawa limechangamka na kuingia ukali, na ndipo kamba walipoletwa: wakubwa, wamechomwa na maganda yao juu ya makumbi ya nazi, pembeni wali wa nazi wa mpunga wa hapahapa. Ule uchachu ulikata mafuta ya nazi kama ndimu inavyofanya, na utamu wa kamba ukabaki peke yake kinywani. Jioni tembo lilikuwa kali kweli, likataka ng'onda, samaki mkavu mwenye chumvi ya kushindana nalo. Wenyeji wengi hawanywi kileo, na mama aliyepika alikunywa dafu. Nalo lilikaa vizuri na kamba wale wale.

Kule pande za Bordeaux, kwenye mlango wa bahari wa Gironde, hupika lamprei, samaki mrefu kama mkunga, ndani ya mvinyo wao mwekundu. Mto na shamba hukutana chunguni. Rufiji hufanya hivyo pia: tope lililoletwa na mto hulisha mpunga, maji ya mikoko hulea kamba, na mnazi husimama juu ya vyote viwili. Vilivyokulia pamoja havihitaji kutambulishwa mezani.

Wakati wa kuaga niliomba chupa moja ya kupeleka mjini. Babu akatikisa kichwa.

"Mvinyo wa Wazungu hungoja miaka. Hili halingoji hata kesho. Ukilifunga, kifuniko kitaruka kabla hujafika Mbagala. Ukiliacha wazi, utakuta siki. Ukilitaka, mjukuu wangu, rudi."

Maji yalikuwa yamejaa. Nikapanda mashua, nikiwa nimeshahesabu siku za kurudi.