Kompyuta Kuukuu na Fedha za Wazazi

Tabibu mwema hampi mgonjwa dawa kabla ya kumwuliza panapomwuma. Neno hili twawafundisha watoto kila mwaka, walakini sisi wenyewe tulilisahau siku tulipokabidhiwa fedha za wazazi kwa ajili ya kompyuta ya shule. Twaandika habari hii ili wenzetu walio na mashine kuukuu wasianguke katika shimo tuliloangukia sisi.

Shule yetu i katika kijiji kimoja cha nyanda hizi za Dodoma, penye mibuyu na vumbi jekundu. Kompyuta yetu ni Dell OptiPlex 755, aina iliyoanza kuuzwa mwaka 2007, nayo ilitufikia ikiwa imekwisha kutumika miaka mingi. Ndiyo tuitumiayo kuandika mitihani ya majaribio na kutunza alama za watoto. Ilikuwa nzito mno. Ukitaka kufungua karatasi moja, waweza kwenda mtungini, ukanywa maji, ukarudi, nayo ingali ikifikiri. Basi baada ya mavuno ya alizeti wazazi walichanga, kila nyumba kwa kadiri yake, zikapatikana shilingi 120,000. Tukapewa mbele ya kamati ya shule, tukatia sahihi.

Hapana budi kueleza kwanza viungo vitatu vya kompyuta. Prosesa ndiyo ifanyayo hesabu na kutimiza amri. Tuifananishe na mwalimu. Ramu ni kumbukumbu ya muda, nayo ni kama meza ya mwalimu, awekapo vitabu anavyovitumia saa ile. Umeme ukikatika, meza yote huwa tupu. Diski ni kabati, litunzalo vitabu usiku na mchana. Meza ikiwa ndogo, mwalimu huondoka kila mara kwenda kabatini, kurudisha kitabu hiki na kuleta kile. Hata akiwa hodari namna gani, kazi yake itakwenda polepole.

Mashine yetu ilikuwa na prosesa ya Pentium ya gigahezi 1.8, na ramu ya gigabaiti 1 tu. Mwenye akili angalitazama meza kwanza. Sisi tulimtazama mwalimu. Tulikuwa tumesikia sifa za Core 2 Duo E8400, iliyotolewa na Intel mwaka 2008, yenye mwendo wa gigahezi 3, na jina lile likatupendeza. Tukapanda basi hata mjini Dodoma, tukanunua moja iliyokwisha kutumika kwa shilingi 70,000.

Kazi ya kuitia tuliifanya kwa uangalifu. Kwanza tulisasisha programu ndogo iliyo ndani ya ubao mkuu, ile iitwayo BIOS, ili iitambue prosesa mpya. Tukachomoa waya wa umeme, tukapuliza vumbi, tukagusa bati la sanduku. Maana wakati wa kiangazi hewa yetu ni kavu, na mwili hukusanya umeme mdogo uwezao kuua viungo hivi. Kitako cha prosesa kina vijiti 775, vyembamba kama nywele, na kimoja kikipinda yaweza kuwa hasara kubwa. Tukapaka dawa ya kijivu ipitishayo joto, kiasi cha punje moja ya mtama, tukarudisha feni mahali pake. Mashine ikawaka. Tukafurahi sana.

Furaha ile haikumaliza siku mbili. Karatasi zilifunguka polepole vile vile. Ndipo tulipofungua dirisha la kompyuta lionyeshalo kazi ya kila kiungo, jambo ambalo lingalitupasa kulifanya kabla ya kupanda basi. Tukaona prosesa imekaa karibu bila kazi, na ramu imejaa pomoni. Tulikuwa tumemleta mwalimu hodari, tukamkalisha kwenye meza ile ile ndogo.

Tukarudi mjini na fedha zilizosalia, tukanunua vipande viwili vya ramu vya gigabaiti 2 kila kimoja. Tulipovitia, vilikataa. Tukasukuma. Mzee mmoja wa kamati, seremala, alikuwa amekaa akitutazama. Akasema, "Mwalimu, ulimi usipoingia tunduni, seremala hachukui nyundo. Hurudi kupima."

Tukaacha, tukatazama. Kumbe mashine yetu yataka ramu ya DDR2, nasi tulileta DDR3. Zote mbili zina meno 240, na urefu wake ni mmoja. Tofauti ni pengo dogo katikati ya meno, ambalo haliko mahali pamoja. Limewekwa hivyo makusudi, ili mtu asitie isiyofaa. Mwenye duka alikubali kutubadilishia, na nauli tuliitoa mfukoni mwetu. Tulipotia DDR2, karatasi zikafunguka kabla hatujakaa vizuri kitini.

Sasa tungaliweza kunyamaza. Mashine ilikwenda vyema, wala hapana kijijini ambaye angalijua. Walakini sahihi yetu ilikuwa katika daftari. Kamati ilipokutana tukaeleza ya kuwa zile shilingi 70,000 hazikuwa na haja, na ya kuwa ramu peke yake ingalitosha. Watu wakanyamaza kitambo. Mama mmoja akauliza, "Mwalimu, elfu sabini zingalinunua nini?" Tukajibu, "Vitabu, mama." Akatikisa kichwa, asiseme neno.

Yule mzee akatukumbusha habari za Kongwa, alikofanya kazi baba yake. Mwaka 1947 Waingereza walileta matrekta mengi hapo ili kulima karanga, wala hawakuipima vema ardhi na mvua. Udongo ukakauka ukawa mgumu, majembe yakalika, mvua ikapungua. Mwanzoni mwa mwaka 1951 shauri lile likaachwa, baada ya kupotea fedha nyingi mno. "Hawakukosa nguvu," mzee akasema, "walikosa kuuliza."

Tangu siku ile kamati yetu haitoi fedha za mashine mpaka yajibiwe maswali mawili: ni kiungo gani kilichopungukiwa, na tumejuaje? Kwa maswali hayo tulitambua pia mpaka wa kompyuta yetu. Microsoft ilikoma kuitunza Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 haiikubali prosesa ya namna hii. Kwa hiyo tumetia Linux, isiyodai malipo, nayo yatutosha kwa mitihani na alama.

Prosesa ile ingalimo ndani ya sanduku, ikifanya kazi chache kuliko nguvu zake. Kila tuwashapo mashine twaikumbuka bei yake, na swali la yule mama.