Dagaa wa Maganzo na Mbolea ya Ziwa

Ukitoka Shinyanga kwenda Mwanza, utapita Maganzo, karibu na mgodi wa almasi wa Mwadui. Hapa hakuna ziwa. Lakini sokoni wapo dagaa wa Ziwa Victoria.

Dagaa hula nini? Hula vidudu vidogo vya majini. Vidudu hula mimea midogo isiyoonekana kwa macho. Vikifa, huzama na kuoza. Hiyo ni mbolea.

Kati ya Juni na Agosti maji ya juu hupoa. Upepo wa kusini huyavuruga. Mbolea ya chini hupanda juu. Mimea huota tena.

Ndugu mkulima, shamba lako halivurugwi na upepo. Ukivuna pamba, rutuba huondoka nayo. Samadi imo zizini. Ipeleke shambani kabla ya mvua.