Kinanda Kilichochelewa

Likizo iliyopita sisi mafrateri wawili wa falsafa, wote wazaliwa wa Shinyanga, tulipangiwa uchungaji katika kigango kimoja cha Geita, ambako makarasha ya wachimbaji wadogo hunguruma kutwa. Kinanda cha kwaya kilikuwa hakitoi tena sauti, ingawa vibonye vyake vilifanya kazi. Tukakiunganisha na kompyuta mpakato yetu ya Linux, na programu ya FluidSynth ikawa ndiyo sauti yake. Tulijivunia sana.

Lakini kwaya ilianza kuvuta. Mpigaji alikuwa mzee anayeshinda kwenye karasha na kuja mazoezini na vumbi. "Mzee, unachelewa," tulimwambia mbele ya wanakwaya, mara mbili.

"Samahani, mafrateri," alijibu. Jumapili hakuja.

Tukalazimika kupiga wenyewe. Ndipo tukagundua: kidole kinashuka, sauti inakuja baadaye. Ili sauti isikatike, kompyuta huikusanya kwanza katika bafa, kama mtu ajazaye ndoo kabla ya kumimina. Ndoo zetu zilikuwa mbili, kila moja ya sampuli 1024, na kadi ya sauti ilimimina sampuli 48,000 kwa sekunde. Hiyo ni karibu milisekunde 43, sawa na kumweka mpigaji mita 15 mbali na spika yake.

Kadi ilikuwa ileile ya ndani ya kompyuta, hatukununua kitu. Tuliipa programu ya JACK kipaumbele cha kutosubirishwa na kazi nyingine, tukapunguza ndoo. Kwa sampuli 64 sauti ilikwaruza. Kwa 128, ndoo tatu, ikatulia: milisekunde 8.

Jioni ile tulimfuata mzee nyumbani, tukamwomba radhi. Alinyamaza kidogo. "Nilidhani karasha limekwisha kuniharibu masikio," alisema. "Nilikuwa nimeshawaambia wanangu kwamba sitapiga tena."

Darasani tumesoma jinsi Mtakatifu Augustino, katika kitabu cha 11 cha Maungamo, anavyoutafuta wakati ndani ya nafsi: kumbukumbu, usikivu na matarajio. Tulijibu vizuri kwenye mtihani. Kigangoni hatukumuuliza mzee hata mara moja yeye anasikia nini.

Jumapili iliyofuata alipiga yeye. Kabla ya misa tulimwomba radhi tena, safari hii mbele ya wanakwaya walewale.